Meza ya karatasi mjini Malindi, na fomu ya kibali cha usalama ya Marekani

Vichochoroni mwa mji wa kale wa Malindi saiba zimejaa, na mabango yao yamefanana kama pacha: KRA, eCitizen, HELB, pasipoti, cheti cha tabia njema, picha papo hapo. Moja kati yao imeongeza mstari kwa rangi nyekundu: "Karatasi za jamaa, Marekani". Hatulitaji duka kwa jina, maana tuna ya kulisifu na tuna ya kulilaumu. Wateja wa mstari huo mwekundu ni wazazi na ndugu ambao kijana wao yuko Marekani, jeshini au katika kampuni inayofanya kazi za wizara ya ulinzi, naye anajaza fomu ya kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kufikia siri za serikali ya huko, na amepiga simu usiku akitaka tarehe ya kuzaliwa ya kila mtu nyumbani, na anaitaka kesho.

Hukumu yetu kwanza, asiye na muda asome hapa aondoke. Kwa kupanga majina, tarehe na nasaba, meza hii inaijua kazi na pesa yake ni halali. Kwa kutunza karatasi za watu, ni ya kuogopwa. Na kwa ushauri, yaani yale maneno ya ziada unayopewa bure ukisubiri mashine ipate moto, ziba masikio.

Fomu yenyewe inaitwa SF-86. Mtu hajiombei kibali. Mwajiri ndiye anayemdhamini, na kijana mwenyewe anajaza mtandaoni kwenye mfumo wa eApp, uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa e-QIP mwaka 2023. Uchunguzi mwingi hufanywa na shirika la serikali ya Marekani liitwalo DCSA. Hakuna ada, si kwa kijana wala kwa mama yake, kwa hiyo anayepiga simu Malindi akidai "ya faili" kwa M-Pesa ni tapeli, hata akijua jina la kijana na kambi yake. Kibali hupewa raia wa Marekani. Mwenye green card anaweza kuandikishwa jeshini lakini kibali chake kinangoja uraia. Na uraia pacha, ambao Katiba ya Kenya ya 2010 imeuruhusu, si kosa peke yake: unaulizwa, unaandikwa, na pasipoti ya Kenya inatajwa. Cha kuangalia ni kwamba raia wa Marekani anatakiwa kuingia na kutoka Marekani kwa pasipoti ya Marekani, siyo ile ya Kenya.

Sasa kazi ya meza. Shida ya kwanza ni kwamba fomu haijui Kiswahili cha nasaba. Sehemu ya 18 inataka watu maalumu: mama, baba, mama na baba wa kambo, walezi, watoto wa kuzaa, wa kulea kisheria na wa kambo, ndugu wa tumbo moja, ndugu wa baba mmoja au mama mmoja, ndugu wa kambo, baba mkwe na mama mkwe. Walio hai na waliokwisha kufariki, wote. Mume au mke ana sehemu yake, ya 17. Ami, mjomba, shangazi, halati, binamu, babu na bibi hawamo katika orodha hiyo. Hao huingia Sehemu ya 19, na kwa masharti: awe si raia wa Marekani, awe na mawasiliano ya karibu au ya kuendelea na mwombaji au mwenzi wake ndani ya miaka 7 iliyopita, na wawe wamefungwa na mapenzi, ushawishi, maslahi ya pamoja au wajibu.

Mweke mbele ya orodha hiyo mzee wa Shela mwenye wake wawili. Mke wa pili, ambaye watoto wa mke mkubwa wanamwita mama mdogo, kwenye fomu ni mama wa kambo: anaingia 18, na watoto wake wote wanaingia naye kwa kuwa ni ndugu wa baba mmoja. Lakini mama mdogo mwingine, dada yake mama, haingii 18 hata kidogo. Neno moja, sehemu mbili. Baba mkubwa naye si baba. Mtoto wa binamu aliyelelewa nyumba hiyo tangu ana miaka 3, anayeitwa kaka na mtaa mzima, si kaka wa fomu. Akiwa anaongea na mwombaji kila Ijumaa, basi ni wa 19. Ndugu wa kunyonya, ambaye kwa dini ni maharimu kabisa, hana kisanduku chake popote, naye ni 19 kama wanawasiliana. Kijana aliyeondoka Malindi ana miaka 12 anachanganya haya yote, na ndiyo sababu simu ya usiku hupigwa.

Meza hii inachora ukoo kwa mkono kwenye karatasi kubwa, kalamu nyekundu kwa 18, buluu kwa 19. Kijana wa mezani hamuulizi mama "huyu ni nani kwake", maana hapo kila mtu ni mama na kila mtu ni kaka. Anauliza: "Huyu katoka tumbo la nani?" Swali hilo peke yake linalipa ada yote. Tumeona meza nyingine mjini zikinakili majina jinsi familia inavyoyatamka, na mwombaji anaishia na akina mama wanne Sehemu ya 18, kisha anahojiwa na mchunguzi kwa nini cheti chake cha kuzaliwa kina mmoja.

Swali la pili la meza ni lini wameongea mara ya mwisho, na kwa njia gani. Fomu inataka mwezi na mwaka wa mawasiliano ya kwanza na ya mwisho, njia (simu, ana kwa ana, mtandao), na kadiri: kila siku, kila wiki, kila mwezi, kila robo mwaka, mara moja kwa mwaka. Hapa familia hupenda kupunguza. Bibi anasema "andikeni mara moja kwa mwezi, inatosha", na WhatsApp yake ina simu za video za kila siku baada ya Isha. Meza inapaswa kukataa, na mara nyingi inakubali. Hiyo ni alama tuliyoikata. Kumpigia mama kila siku hakumharibii mtu kibali. Wanaoamua tayari wanachukulia kuwa mzazi na ndugu wa damu si watu wa mawasiliano ya juu juu, kwa hiyo kupunguza hakununui kitu, ila kunaweka maneno mawili yasiyolingana katika faili moja.

Tazama safu moja tu kwa karibu, ya mama. Kitambulisho kinasema Mwanaisha Omar. Cheti cha ndoa cha Kadhi kinasema Mwana Aisha Omari. Pasipoti aliyoichukua kwa ajili ya umra ina majina matatu, la babu limeongezwa. Na karatasi za uhamiaji alizojaza mwanawe miaka iliyopita zinasema Aisha Omar, basi. Fundi mbaya anachagua moja na kuyasahau mengine. Hapa mezani wanaandika la pasipoti kama jina kuu, au la kitambulisho kama pasipoti haipo, na mengine matatu kwenye mstari wa majina mengine, kila moja pamoja na karatasi lilikotoka. Ndivyo inavyotakiwa.

Tarehe ya kuzaliwa: kitambulisho kina 01/01/1954, ile siku ambayo nusu ya wazee wa pwani walizaliwa pamoja. Fomu ina kisanduku kidogo kilichoandikwa "Est.", maana yake tarehe ni ya kukadiria. Kiwekewe alama. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni familia kukimbilia cheti kipya cha kuzaliwa, kilichosajiliwa kwa kuchelewa, ambacho kinaleta tarehe ya tatu isiyopata kuonekana popote. Cheti hicho hakikuombwa na mtu yeyote. Mahali pa kuzaliwa: Faza, Pate, Mambrui, mji na nchi, inatosha. Mzee aliyezaliwa 1958 atakwambia alizaliwa chini ya bendera ya Sultani, na ukanda huu wa pwani kweli ulikuwa himaya ambayo Waingereza waliikodi kutoka kwa Sultani wa Zanzibar hadi 1963, lakini kwenye fomu ni Kenya, yaishe.

Anwani inawashinda wengi kwa kuwa mitaa ya Malindi haina namba za nyumba. Sanduku la posta na 80200 halionyeshi mtu analala wapi. Meza inaandika mtaa, alama ya karibu (msikiti, kisima, shule), kisha mji na kaunti, ndipo sanduku. Wanaiandika sawasawa kwa kila anayeishi nyumba hiyo. Jambo dogo, lakini ndugu watatu wa nyumba moja wenye anwani tatu tofauti huonekana kama watu wa nyumba tatu.

Kazi za jamaa ndiyo sehemu ambayo duka hili linaongoza mjini. Fomu inauliza mwajiri wa sasa wa kila jamaa asiye raia wa Marekani, na kama hana kazi sasa, mwajiri wa mwisho. Baba aliyestaafu bandarini Mombasa miaka 15 iliyopita bado ana mwajiri wa kuandikwa. Halafu inauliza kama jamaa ana uhusiano na serikali ya kigeni, jeshi, vyombo vya usalama, viwanda vya ulinzi au ujasusi. Hapo watu wa nyumbani huitikia "hapana, hatuna mtu wa serikali", wakimaanisha hawana waziri. Kumbe dada ni mwalimu aliyeajiriwa na TSC, tume ya serikali ya walimu, shemeji ni muuguzi wa kaunti, kaka ni askari wa wanyamapori wa KWS kule Arabuko Sokoke, na baba alikuwa chifu. Dada, kaka na baba ni watu wa 18 na wote wana ndiyo yao. Shemeji hawezi kuingia 18, ila akiwa na mawasiliano ya karibu anaulizwa maswali yaleyale kwenye 19. Mwalimu wa chekechea ya serikali hamzuilii mtu kibali. Mwalimu aliyeandikwa "mfanyabiashara" ndiye anayezua maswali. Mzee wa nyumba kumi si mwajiriwa wa serikali, ila kazi yake ielezwe kwa sentensi moja.

Malindi ina na mtego wake wa pekee: Ngomeni. Kituo cha anga cha Luigi Broglio kinaendeshwa na shirika la anga la Italia, kwa hiyo mlinzi, dereva au fundi wa pale anafanya kazi katika kituo cha shirika la umma la nchi nyingine. Familia huandika "San Marco", jina lake la zamani, na kupita. Iandikwe kituo ni cha nani na mtu anafanya nini pale: analinda geti, anapika, anashika mitambo. Aliyepewa ajira na kampuni ya usafi yenye mkataba huko, mwajiri wake ni kampuni hiyo, na mahali pa kazi ni Ngomeni. Kijana wa mezani aliijua tofauti hii bila kuulizwa. Alama kamili. Wakwe Wataliano nao, ambao si haba mjini humu, wana fomu ileile: baba mkwe aliye Brescia, Italia, ni wa 18 sawa na aliye Barani hapa Malindi.

Pesa. Sehemu ya 20A inauliza mali na fedha nje ya Marekani, na inauliza kama mwombaji amewahi kumsaidia kifedha mtu asiye raia wa Marekani. Kuwahi, si mwaka huu. Ile dola 200 ya kila mwezi inayoingia kwa M-Pesa ya mama ni ndiyo. Karo ya mdogo wake ni ndiyo. Meza inamshauri mama achukue taarifa ya M-Pesa ya miezi 12 na kujumlisha kwa mwezi, na ni ushauri mzuri, isipokuwa inaichapisha nzima, pamoja na kila duka la dawa na kila mtu aliyewahi kumtumia mama shilingi 100. Kijana aliye Marekani anahitaji jumla, kadiri na mpokeaji. Ajumlishe mwenyewe kutoka kwenye rekodi za huko alikotumia, maana ndizo zake. Michango ya harusi na mazishi itajwe kwa jumla kwenye nafasi ya maelezo. Akaunti ya benki ya Kenya yenye jina lake, hisa za SACCO, fungu lake katika chama, hayo ni maslahi ya kifedha ya nje, hata kama kadi ya benki imelala kabatini kwa mama tangu 2015.

Kiwanja ndicho kinachowaumiza. Fomu inauliza kama mwombaji, mwenzi wake au watoto wanaomtegemea wamewahi kumiliki, au wanatarajia kumiliki, au wanapanga kununua nyumba au ardhi nje. Maneno "wanatarajia kumiliki" huku kwetu yana uzito usiojulikana Virginia. Baba amefariki, shamba la minazi kule Gongoni bado lina jina lake, mirathi haijafunguliwa kwa Kadhi, na watoto tisa wanaishi wakijua kila mmoja ana fungu. Kwa Waislamu fungu la mtoto wa kiume ni mara mbili ya la mtoto wa kike, kwa hiyo hata hesabu ya makadirio inawezekana. Jibu la "sina shamba" ni la kweli kwenye hati na si la kweli kwenye swali. Meza hii, na hapa tunaikaripia, inaandika "hakuna" kila hati isipokuwa na jina la mwombaji. Inatakiwa: andika kuwa kuna mirathi isiyogawanywa, eneo, idadi ya warithi, thamani ya kukadiria ya fungu. Kwa mtu mwenye mshahara na nyumba Marekani fungu hilo mara nyingi ni dogo kiasi kwamba haliwezi kumshika mtu mkono, na hicho ndicho kigezo chenyewe.

Maana vigezo vipo kwa maandishi, na inasikitisha kuona meza inayouza huduma hii haijavisoma. Tangu Juni 8, 2017 maamuzi yote ya vibali Marekani yanafuata mwongozo mmoja uitwao SEAD 4, wenye vipengele 13 kutoka A hadi M. Jamaa wa nje ni kipengele B. Hakisemi kuwa na mama Malindi ni doa. Kinauliza kama uhusiano huo unaongeza hatari ya mtu kushinikizwa, kulaghaiwa au kutishwa, na kinatazama nchi ipi, jamaa anafanya kazi gani, wanawasiliana kiasi gani, mali iliyoko nje ina uzito gani ukilinganisha na iliyoko Marekani. Dawa yake imeandikwa humohumo: mizizi ya mwombaji Marekani iwe mirefu kiasi kwamba akilazimishwa kuchagua, jibu linajulikana. Miaka aliyoishi, utumishi jeshini, nyumba, mke na watoto wa huko. Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wake, na shaka ikibaki inaamuliwa kwa faida ya usalama wa taifa. Mahakama haziingilii kiini cha uamuzi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kulisema hilo mwaka 1988 katika kesi ya Egan.

Kenya yenyewe si nchi ya kutia hofu. Juni 24, 2024 Marekani iliiweka rasmi kwenye orodha ya washirika wake wakubwa walio nje ya NATO. Ila pwani ya kaskazini ina kivuli chake: Januari 5, 2020 al-Shabaab walishambulia uwanja wa ndege wa Manda Bay, Lamu, wakaua Wamarekani watatu, na tahadhari za safari za Marekani kwa miaka zimekuwa zikiitaja Kaunti ya Lamu na sehemu za Kilifi zilizo kaskazini mwa Malindi. Mwenye mama Kiunga, huko Lamu, ategemee maswali zaidi kuliko mwenye mama Nyeri, na ajibu bila kununa. Mzito zaidi ni jamaa aliyevuka mpaka. Mbajuni mwenye dada Kismayu, Somalia, familia yenye ami Mukalla, Yemen, mume wa dada aliye na sare huko Muscat, Omani: hizo ni nchi tatu zenye uzani tofauti, na zote zinaandikwa kwa jina la mji, si "Arabuni" wala "kule juu". Meza iliandika "Arabuni" kwenye sampuli iliyobandikwa ukutani. Ing'olewe.

Ushauri wa kutupa baharini ni huu, na tumeusikia mezani hapo wote. "Huyu wa Yemen mwacheni." Kama ni ami na hawajaongea miaka 10, fomu haimtaki, na kumwacha ni halali, kama wanaongea, kumwacha ni uongo, na uongo kwenye SF-86 ni kosa la jinai la shirikisho lenye kifungo cha hadi miaka 5. Ami angejadiliwa chini ya kipengele B na pengine akapita. Uongo unahamia kipengele E, cha mwenendo wa mtu, na huko miaka ya utumishi haimbebi mtu kirahisi. Aliyekwisha kukosea ana mlango mmoja: asahihishe mwenyewe, mapema, kabla mchunguzi hajamwonyesha karatasi. "Kiwanja kihamishieni kwa kaka wiki hii." Swali ni kama amewahi kumiliki, basi uhamisho wa wiki hii unaongeza swali badala ya kuliondoa. "Kila mtu nyumbani achukue cheti cha tabia njema." Hakuna anayekitaka, hapo inauzwa karatasi tu. "Barua ya chifu ya kuisifu familia." Haina pa kuingia kwenye eApp.

Jambo moja ambalo halimo kabisa kwenye huduma yao, na lingeifaa familia kuliko barua zote hizo, ni kinachofuata kibali kikitoka. Mwenye kibali anatakiwa kuripoti safari za nje kabla hajasafiri, na kwa kibali cha daraja la juu pia akaunti mpya ya nje, ardhi mpya ya nje, na mtu wa kuishi naye au kumuoa. Hiyo ni amri nyingine, SEAD 3, iliyoanza kutumika Juni 2017. Basi harusi ya Malindi ipangwe kwa tarehe inayojulikana mapema, si "njoo tu, tukikuona tutaanza". Na msiba je, sisi tunaozika siku hiyohiyo? Dharura imefikiriwa: kabla ya kupanda ndege amjulishe msimamizi wake, hata kwa ujumbe mfupi wa barua pepe, kisha ripoti kamili ndani ya siku 5 za kazi akirudi. Mama akilijua hilo hatamwambia "usimwambie mtu, panda ndege".

Usalama wa karatasi, tumesema, ni mbovu. Vitambulisho vya nyumba nzima vinapigwa skani kwenye kompyuta ya kaunta na kubaki kwenye folda ya Downloads, juu ya meza wanayoitumia wanafunzi wa kuchapa kazi za nyumbani. WhatsApp ya duka imefunguliwa kwenye skrini mchana kutwa. Mti wa ukoo wa familia moja tuliukuta umetumiwa upande wa nyuma kujaribia wino. Fikiria kilichomo ndani yake: majina, tarehe, mitaa, kazi za watu, na habari kuwa mwana wa nyumba ile yuko karibu na siri za nchi nyingine. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inampa mteja haki ya kudai taarifa zake zifutwe. Dai hapohapo, ukisimama, na uone pipa la kompyuta likimwagwa pia. Njoo na flashi yako. Usiseme mtoto yuko idara gani wala kibali cha daraja gani. Kwa kazi hii meza haihitaji kujua. Na nywila ya eApp isije Malindi kabisa, hata kwa baba. Fomu ni ya mwenyewe, anaisaini mwenyewe. Kinachotoka hapa ni majina na tarehe tu.

Duka hili halipiti hapo, na halijidai: barua ya sababu ikija kutoka Marekani, ile inayoorodhesha madai ambayo mwombaji wa kampuni anatakiwa kuyajibu kwa maandishi ndani ya siku 20 tangu aipokee, kazi ya meza imekwisha na ya wakili wa Marekani imeanza. Ushahidi wa thamani ya shamba au wa kazi ya dada ndipo unapoombwa Malindi, na hapo nakala zilizopigwa skani vizuri zina faida yake.

Bei: ukurasa shilingi 10, skani 20, na mpango mzima wa ukoo hadi watu 20 ni 1,500, malipo baada ya kazi. Kwa saa mbili tatu za kuuliza "tumbo la nani" si ghali. Ukitaka wakuandikie na "barua ya chifu" ni 800 zaidi; ziache mfukoni. Beba vitambulisho, pasipoti hata iliyoisha muda, vyeti vya ndoa na talaka, vya vifo kwa waliofariki, na mpeleke bibi anayejua nasaba badala ya mjukuu anayejua simu. Fika kabla ya saa nne asubuhi, siyo Ijumaa, maana skani ni moja na umeme ukipotea jenereta yao inawasha taa na feni peke yake.